Studio Katika Stoo ya Vyerehani

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima na mgongo wako umetulia. Huku tupo, tunasukuma siku. Mama hajambo isipokuwa magoti, na ukimwambia akae chini anakuuliza kama vyombo vitajiosha vyenyewe. Binti yangu ameota jino la nne. Amejifunza neno "hapana" na analitumia kwa kila kitu, hata kwa kile anachokililia. Usingizi wa maana nimeusahau unafananaje. Baba yake tusimzungumzie leo.

Kuna jambo Mama kaniagiza. Juzi alikupigia kwa simu ya jirani. Anasema alikwambia mtoto ameota jino, wewe ukamjibu kwamba ndiyo, huko nako imenyesha sana, kisha ukakata. Amenuna mpaka jana. Nimeusingizia mtandao. Ukijibu, weka neno la kumlainisha dada yako.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unajua niliporudi kazini baada ya kujifungua nilikuta kiti changu cha mapokezi kina mtu. Tangu siku hiyo mimi ni wa kuziba mapengo: leo kaunta, kesho stoo, keshokutwa natumwa benki. Kampuni yetu inauza vyerehani na kuvitengeneza, na kila siku wateja wanarudisha mashine wakisema ni mbovu. Fundi wetu mkuu, tunamwita Bobini, anaifungua, anageuza sindano iliyowekwa kinyume, anaifunga. Haina ubovu wowote. Bosi amechoka. Anataka video fupi za kuwafundisha wateja. Aliwaita watu wa kazi hiyo, wakamtajia bei, akavua miwani akaifuta akairudisha, bei ikawa ileile. Ndipo akaniita.

"Wewe si una mjomba wa mambo ya video?"

Nikasema ninaye, fundi sauti wa siku nyingi.

"Basi."

Hilo "basi" ndilo limenikaa kooni, Mjomba. Amenipa stoo ya nyuma niigeuze studio kwa vitu vya bei rahisi, nitoe video sita mpaka mwisho wa Juni. Zikiwa nzuri ananipa ajira ya kudumu. Zikiwa mbaya, mkataba wangu wa muda unaisha siku hiyohiyo na hatausaini tena. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuambia ni saa ngapi.

Mimi hata kupiga picha ya harusi nakata watu vichwa. Nianzie wapi? Unaweza kuja hata wiki moja?

Mpwa wako

Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Barua imefika, nimeisoma mara tatu. Nafurahi mtoto anasema hapana. Mama yako alianza hivyohivyo na hajaacha. Mwambie dada nampenda na mtandao wa huku ni wa ovyo. Simu yangu nayo imeharibika, kwa hiyo usihangaike kupiga. Andika. Barua haikatiki.

Kuja siwezi, kazi zimebana. Lakini nitakuelekeza, na ukifuata hutaharibikiwa.

Kwanza, usinunue kamera. Simu yenye picha safi inatosha. Watu wanaanza na kamera kubwa ili majirani waone, halafu sauti yao inatoka kama mtu yuko ndani ya pipa. Mtazamaji atasamehe picha yenye ukungu. Sauti mbaya haisamehe, anafunga. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni maiki ndogo ya kubana kwenye kola.

Pili, chumba. Simama katikati ya stoo, piga makofi. Ukisikia makofi yanakurudia, kuta zako zinaongea, na kazi yako ni kuzinyamazisha. Trei za mayai usinibandikie! Nimeshaingia studio za trei za mayai nchi nzima, zinapendeza kama keki na hazizuii kitu. Unataka kitu kizito na laini: magodoro, mablanketi, mazulia, nguo.

Tatu, mwanga. Tafuta taa mbili zenye swichi ya kupunguzia mwanga, ili uzirekebishe kwa ngozi na kwa chuma, maana mashine zinang'aa. Weka moja kushoto, moja kulia, usimchome mtu machoni.

Nne, meza. Mteja hahitaji kuona uso wa fundi, anahitaji kuona vidole. Tafuta namna ya kuining'iniza simu juu ya meza, itazame chini, isitikisike.

Ukirekodi, nitumie kwenye flashi. Nitasikiliza mwenyewe.

Mjomba

Tarehe 27 Machi

Mjomba,

Sote wazima, ila mafua yamepita nyumba nzima, yalianza na mtoto yakamalizikia kwangu. Mama ameipokea salamu yako kwa mdomo uliopinda. "Simu imeharibika? Yeye si ndiye fundi?"

Nakuandikia saa ya chakula cha mchana, nimekaa juu ya boksi ndani ya studio. Naomba uione. Ni stoo ya hatua saba kwa tano, ina dirisha moja la uani. Nilipopiga makofi yalinirudia mara mbili. Bahati mbaya kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshawaomba wafanyakazi wote trei za mayai, na walivyo na upendo wakaleta zaidi ya mia. Sasa zimejaa korido na kila anayepita ananiuliza kuku wanataga lini.

Mashine zetu hufungwa kwa mablanketi ya kijivu zikisafirishwa, na yakifika hutupwa. Nimeyakusanya, nimeyafua, nimeyapigilia ukutani mawilimawili. Chumba cha ufundi kina vitambaa vya kujaribia mashine, mabaki matupu. Nimevishindilia kwenye magunia hadi yakawa mazito kama mtu mzima, nimeyasimamisha kwenye pembe nne. Nikapiga makofi. Kimya. Mjomba, nilisimama pale katikati nikataka kulia. Si kwa sababu ya kazi. Sijakaa mahali pa kimya namna hiyo tangu nijifungue.

Bobini ametengeneza mkono wa kuning'iniza simu kwa bomba la pazia na mguu wa cherehani chakavu. Haitikisiki hata ukiisukuma. Tatizo lililobaki ni Bobini mwenyewe. Huyu mtu huongea kama mvua ya mawe, lakini ukimwekea maiki anageuka shahidi mahakamani: "Mimi. Ninashika. Sindano." Siku mbili tumepoteza. Siku ya tatu nikaketi mbele yake na mashine, nikaiweka sindano kinyume kwa makusudi, nikamwambia, "Fundi, mashine yenu mbovu."

Akawaka. "Mbovu nini? Hebu nione. Mama, sindano ina mgongo na tumbo! Huu ubapa ndio mgongo, unakaa nyuma. Wewe ukivaa shati unalivaa mgongo mbele?"

Na simu ilikuwa inarekodi. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya: mimi ni mteja mjinga, yeye anakasirika, somo linatoka.

Flashi imo humu kwenye bahasha, ina video mbili za mwanzo. Jambo moja tu. Nikivaa hedifoni nasikia sauti nyembamba nyuma ya Bobini, kama mbu wa mbali ambaye hatui. Bobini anasema hasikii kitu, lakini yeye amekaa na mashine zinazonguruma miaka ishirini, kwake kimya ndicho kinachomshtua. Msichana wa mapokezi amesema "labda." Nimechoka, nahisi hata kichwa changu kinalia chenyewe. Sikiliza uniambie. Ukisema kuna kitu, nasimama nakitafuta. Ukisema hakuna, naendelea.

Mpwa wako

Tarehe 21 Aprili

Mpwa,

Poleni na mafua. Mgongo wangu haujambo, nakula vizuri, wala msiwe na wasiwasi.

Nimekaa na flashi yako hapa kazini, kwenye kompyuta. Hongera sana. Mablanketi ya mizigo! Hata mimi nisingeyafikiria. Huyo Bobini wako mlinde, watu wa namna hiyo hawapatikani.

Sauti ni safi. Mistari ya sauti imekaa vizuri, haigongi juu wala haizami, anapokuwa kimya iko chini kabisa. Hakuna mbu. Unajua wewe ni mama wa mtoto mdogo. Mama wa mtoto mdogo husikia kilio hata bombani. Masikio yako yamechoka, ndiyo maana. Niamini mimi, hii ni kazi yangu tangu hujazaliwa.

Endelea na zilizobaki. Usinitumie flashi kila mara, utachelewa bure.

Msalimie dada. Simu bado.

Mjomba

Tarehe 10 Juni

Mjomba,

Mtoto anatembea. Anaanguka, anatukana kwa lugha yake, anasimama. Mama mzima. Salamu zimeisha.

Nilimaliza video zote sita mwishoni mwa Mei, mwezi mzima kabla ya siku. Niliringa, sikufichi. Bosi alitazama mbili kwenye kikompyuta chake ofisini, feni inazunguka, simu inaita, akasema vizuri. Akazituma zote kwa mawakala wanaouza mashine zetu, waonyeshe dukani kwenye spika.

Juzi akaniita. Alikuwa na Bobini na karatasi mkononi.

"Hebu nisomee," akaniambia.

Nikasoma. Wakala wa kwanza anasema mlio umetoboa masikio, wateja wametoka dukani. Wa pili anasema ameizima, mtoto wa mteja alikuwa ameziba masikio analia. Wa tatu hakuandika mengi. Ameuliza tu: "Hii ni video ya cherehani au ni dawa ya kufukuza panya?"

Bobini akasema, "Bosi, maelezo lakini ni mazuri." Bosi akamwambia atoke.

Kisha akaniuliza, "Ulisema kuna mtaalamu amesikiliza."

"Amesikiliza, bosi."

"Mtaalamu gani asiyesikia hiki?"

Nikasema kosa ni langu, nitazirudia zote. Amenipa hadi tarehe thelathini, ileile ya mwanzo, na hataongeza siku.

Nikaenda stoo nikafunga mlango. Nikavaa hedifoni, nikafungua maiki, nikaanza kuzima kitu kimoja kimoja. Feni ya dirishani, mlio upo. Simu yangu ya mfukoni, upo. Nilipogusa swichi ya kupunguzia mwanga ya zile taa ulizonielekeza, mlio ukapanda, ukashuka, nikaizungusha mpaka mwisho, ukakatika. Kumbe taa zikipunguzwa mwanga hadi nusu ndizo zinazolia. Zikiwaka kwa nguvu yote ni bubu. Nimezisogeza mbali na kuzifunika kwa shuka jeupe ili zisichome. Hilo tu. Dakika kumi, Mjomba. Ningelifanya mwezi wa tatu kama ningejiamini.

Nilikuwa na hasira na wewe siku mbili. Siku ya tatu nikawa nakunja nguo za mtoto, nikamkumbuka Mama na lile jino na ile mvua yako. Nikaikumbuka na simu yako, ambayo imeharibika miezi mitatu mikononi mwa mtu anayefufua redio za miaka ile. Nikaisoma tena barua yako ya Aprili. Umeandika mistari imekaa vizuri, haigongi, haizami. Umenieleza ulichokiona. Hakuna mahali umeandika ulichokisikia.

Sikuulizi habari ya taa. Nakuuliza kitu kimoja tu, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza moja kwa moja. Unasikia?

Mpwa wako

Tarehe 24 Juni

Mpwa,

Pole kwa yaliyokukuta. Ila uangalie maneno yako. Taa za bei rahisi zina tabia zake, na maiki ukiibana vibaya inavuta kila uchafu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Sijawahi kufundishwa na mtoto niliyemfunga nepi.

Msalimie mama yako.

Mjomba

Tarehe 4 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sikukuamkia katika barua ile, umenikumbusha adabu yangu. Tupo salama.

Nimerudia zote sita kwa siku kumi na tisa. Bobini alipoteza sauti kwa kugombana na mimi, tukampa maji ya moto, akaendelea kugomba kwa kunong'ona, na ile ya kunong'ona ndiyo bora kuliko zote. Mawakala wamezionyesha, hakuna aliyelalamika. Mmoja ameomba nyingine.

Lakini Bosi hajasaini. Anasema ameshaumwa na nyoka mara moja. Anataka mtu mwenye uzoefu aje, akae kwenye chumba, asikilize, aandike kwamba chumba kinafaa na kazi inaweza kuendelea bila aibu nyingine. Amesema, "Si una mjomba? Mlete huyohuyo, atueleze mara ya kwanza alikuwa wapi." Mkataba wangu ameusogeza hadi mwisho wa Septemba kwa ajili hiyo tu.

Kwa hiyo sasa ajira yangu iko kwenye masikio yako. Si maneno ya kukuumiza, ndivyo ilivyo.

Umenijibu habari za maiki na nepi. Swali langu liko palepale nilipoliacha. Sitalirudia, lakini sitaliondoa.

Mpwa wako

Tarehe 15 Agosti

Mjomba,

Wiki sita. Mama amepeleka ujumbe kwa watu wanaoishi jirani na wewe, wamesema upo, unapita asubuhi na kurudi jioni. Basi afadhali upo.

Sina la kuongeza. Mtoto anaumwa sikio tangu jana, nimeomba ruhusa kazini na Bosi amenitazama. Nimeandika tu ili ujue kwamba barua yangu haikupotea njiani.

Mpwa wako

Tarehe 30 Agosti

Mpwa wangu,

Shikamoo yako niliipokea, marahaba. Mtoto amepona? Usiache sikio la mtoto liendelee, mpeleke. Siku hiyohiyo, usingoje.

Barua zako zote zimefika. Nilikuwa naziweka chini ya redio.

Sisikii, mwanangu. La kushoto limekwenda miaka mitatu sasa. La kulia lilifuata mwaka jana, polepole, likianza na sauti za juu: kengele, ndege, wanawake, watoto. Sauti nene bado nazipata. Wanaume wakisema mbele yangu naelewa. Dada yangu kwenye simu namsikia kama mtu anayeongea kwenye mto wa kulalia. Ile siku nilikisia. Nilijua ni msimu wa mvua, nikasema mvua.

Kazini hawajanifukuza. Waligundua mapema kuliko wewe, wakaniondoa kwenye mitambo bila kelele, wakanipeleka kukunja nyaya na kuziandika zilizotoka na zilizorudi. Wananiita mwalimu mpaka leo. Nikipita wanapunguza kucheka.

Flashi yako niliitia kwenye kompyuta nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti. Nilimsikia Bobini. Nikamwona hata kwa mistari. Mlio wa juu namna ile kwenye mistari hauonekani, unajificha chini ya unene wa kila kitu, na mimi nilijua hivyo, nimewafundisha watu hivyo. Ningeweza kumwomba mtu yeyote pale asikilize kwa dakika moja. Lakini ningelazimika kumwambia kwa nini. Nikaona ni rahisi zaidi kusema wewe ndiye umechoka.

Hilo ndilo linaloniuma, si sikio. Ulisikia vizuri, ukaniuliza kwa heshima, nikakuambia hukusikia.

Sasa nisikilize. Nitakuja. Nina siku za likizo. Nitaingia kwenye chumba chako, nitavaa hedifoni mbele ya Bosi wako, nitatikisa kichwa, nitaandika kinafaa, nitasaini. Ninajua kinafaa, kwa sababu wewe umesema kimya, na neno lako naliamini. Hakuna atakayejua. Wewe utapata kazi yako na mimi nitakuwa nimelipa nilichokuvunjia. Usimwambie mama yako. Atalia, kisha atawaambia majirani wote wanipigie kelele.

Ndani kuna bahasha nyingine, ni ya kwake. Nimeandika mambo ya kawaida tu.

Mjomba wako

Tarehe 19 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mtoto amepona, nilimpeleka siku ileile kabla hata barua yako haijafika. Daktari amesema ni usaha tu, umekauka. Nilipokuwa nangoja kwenye benchi niliuliza kama hospitali hiyo inapima masikio ya watu wazima. Inapima, Jumanne na Alhamisi. Nimekuandikisha.

Mama nimempa bahasha yako. Ameisoma, akanitazama, akaniuliza, "Mbona kaandika habari za mgongo kurasa mbili?" Nikamwambia, Mama, muulize mwenyewe akija. Sikumwambia mimi. Hilo ni lako na umwambie ukiwa umekaa mbele yake, taa imewashwa, ili umwone mdomo. Nakupa siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu nitasema mimi, na mimi sina kipaji cha kulainisha.

Kuhusu kusaini. Nimeisoma barua yako kwenye basi, nimeisoma kazini, nimeisoma mtoto akinivuta sketi. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wake, hilo ujue. Lakini hapana, Mjomba. Siwezi kupewa ajira kwa hedifoni ulizovaa bila kusikia. Ningekuwa naingia kila asubuhi kwenye kile chumba nikijua kimesimama juu ya kitikiso cha kichwa. Na safari nyingine kitu kikilia, nani atanisadiki?

Kwa hiyo nilikwenda kwa Bosi Jumatatu. Nilikuwa nimechoka hata uoga haukupata nafasi. Nikamwomba aje stoo, akaja na miwani yake na mashaka yake. Nikamkalisha, nikamvalisha hedifoni, nikazungusha swichi ya taa hadi nusu.

Alishtuka. "Hiki hapa!"

"Ndicho hicho, bosi. Sasa?" Nikaizungusha hadi mwisho.

Mlio ukakatika. Nikamwacha hapo kidogo. Nafikiri na yeye ni muda mrefu hajakaa mahali pa kimya. Baadaye akavua hedifoni akauliza, "Na yule mtaalamu wako?"

"Hasikii vizuri, bosi. Ndiyo maana mara ya kwanza ilimpita. Mimi nilisikia tangu mwezi wa tatu nikajinyamazisha. Sitajinyamazisha tena. Ukitaka mtu wa kukuhakikishia chumba hiki, ni mimi."

Sikukuomba ruhusa ya kusema. Ukikasirika, kasirika, lakini kwa yule mtu sikuwa na kingine cha kumpa isipokuwa ukweli.

Bosi akakung'uta blanketi la ukutani kama anayenunua zulia. Akauliza, "Anayejua kujenga haya yote kwa vitu vya kutupwa ni nani, wewe au yeye?"

Nikasema nusu kwa nusu. Wewe ulinielekeza kwa barua tangu msumari wa kwanza.

"Tawi la pili nalo lina stoo," akasema. Na akaondoka bila neno lingine, unajua tena bosi. Jioni Bobini ndiye aliyeniletea bahasha. Mkataba wa kudumu, umesainiwa. Na fomu tupu ya kuajiri wawili kwa ajili ya studio ya tawi la pili, nijaze mwenyewe.

Nimeketi nayo sasa hivi juu ya boksi langu. Siku zako za likizo zitumie kuja kutazama kazi, ukiipenda ukawaage wale wa nyaya kwa mdomo wako mwenyewe. Mtoto atakuita kwa sauti ya juu na hutamsikia, atakuja kukuvuta suruali, mzoee.

Fomu nimeijaza. Kwenye nafasi ya fundi wa taa na ujenzi wa chumba nimekuandika wewe. Kwenye msimamizi wa sauti nimejiandika mimi.

Mpwa wako